Wa Jumanne Wanapita Nyuma

Muuguzi alinichorea ramani nyuma ya karatasi ya dawa:
Kiboriloni, ukishapita mitumba,
mashine ya kukoboa, kisha fundi seremala.
"Jumanne, saa kumi na moja," akasema,
kwa sauti ile wanayotajia majibu ya vipimo.

Jumanne ya kwanza niliishia kwenye mashine.
Pumba zilinipaka mvi. Nikasema, nimezeeka, nirudi.
Jumanne ya pili nilifika kwa seremala,
nikasimama mbele ya majeneza matatu
kama mtu anayechagua.
Nikauliza bei ya kitanda.
Futi tano kwa sita, mninga au mkaratusi?
Nitapita, nikasema. Nikapita kweli,
moja kwa moja hadi kilabuni,
nikanywa hela ya kitanda ambacho sikuwa na nia ya kukinunua.

Jumanne ya tatu fundi hakuinua hata kichwa.
Maranda yalimwangukia miguuni.
"Wa kitanda wanapita mbele," akasema.
"Wa Jumanne wanapita nyuma."

Nyuma palikuwa na chumba cha mabanzi,
watu tisa, birika la chai ya tangawizi.
Nilitegemea walevi. Nikamkuta
mwalimu wa hesabu wa mwanangu,
kijana wa bodaboda, kofia yake mapajani,
mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya ndoa usharikani,
na anayemimina chai, Mama Ndeshukurwa.

Nilimjua kwa mkono. Mkono ule
ulinipimia mbege miaka kumi na minne,
ukifuta povu kwa kidole kidogo, ukijua
lini nimelipwa, lini nadanganya.
Sasa ulinijazia chai hadi pale pale,
ukingoni, ukasita.
"Mchana nilikuwa nauza," akasema, "usiku nakunywa faida.
Halafu mtaji. Halafu mabati ya mama yangu."
Hakuniomba msamaha. Hapakuwa na jani la sale
wala kata ya kuzungushwa ili mambo yaishe.
Huku kwetu hata msamaha una ndoo yake ya mbege,
na mimi nimeomba msamaha mwingi
hadi nikaanguka nao mtaroni.

Zamu ikanifikia.
Naitwa Aikaeli, nikasema.
"Siku ngapi?"
Tangu asubuhi.
Hakucheka mtu. Mwalimu
akaandika kwenye daftari la mistari: Aikaeli, 1.
Niliona haya ya kupata moja,
na tamaa, ya ajabu kidogo, ya kupata mbili.

Hawakunifundisha kupanda mlima. Mlima wenyewe
ulikuwa umejifunika, ndivyo ulivyo mwezi wa nne.
Waliniambia vitu vidogo: kula kabla ya giza.
Mshahara apokee mkeo.
Simu isikose salio.
Mama Ndeshukurwa akaniandikia namba yake
kwenye kipande cha msonobari, kwa penseli ya fundi.

Jumamosi tulimzika baba mdogo, Uru.
Mapipa yalifika kabla ya jeneza.
Kata ilianzia kwa wazee, ikashuka
kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama inavyotakiwa,
na mimi ni wa sita.
Wa nne alipofuta midomo nikainuka,
nikasema naenda kukojoa,
nikasimama katikati ya migomba,
kipande cha mbao mkononi, bado kinanuka utomvu.

Simu iliita. Ikaita tena.
Kule uani walikuwa wananitafuta kwa jina la ukoo,
kata imejaa, inasubiri.
"Haloo," akasema. Nyuma yake nikasikia randa.
"Uko wapi?"
Migombani.
"Baki hapo hapo. Hebu niambie,
jeneza lilikuwa la mbao gani?"

Mninga, nikasema. Tumekopa.